Vumbi Nyumbani kwa Shangazi

Siku niliyofikishwa Bagamoyo, shangazi hakuniruhusu kuvuka kizingiti. Nilisimama uani, mvua ya masika ikininyeshea, nikanyolewa nywele zote. Kisha nguo niliyotoka nayo Saadani, iliyokuwa ya marehemu mama yangu, ikatiwa kwenye moto wa jikoni.

"Sitaki chawa wa Saadani humu ndani," alisema shangazi akiwa amesimama mlangoni. Hakunipa pole ya msiba. Alinitazama miguu.

Mama alikuwa amekufa kwa ndui. Mimi pia ilinishika, ikaniacha na alama usoni. Baba alikuwa ameoa Pangani, na mke mpya hakutaka mtoto wa mwenzake, basi nikapelekwa kwa dada yake baba. Nilikuwa bado sijavunja ungo.

Aliyeninyoa ni mjakazi wa nyumba ile, mwanamke wa Kizigua ambaye baba yake alimuuza mwaka wa njaa ili ndugu zake wapate mtama. Msidhani alikuwa mtu mpole. Alininyoa kama anayeparua samaki, na nilipolia alinifinya sikio, akasema, "Nyamaza, bibi mdogo. Hapa anayelia hupewa kazi." Alikuwa akiiba sukari na kusema ni mimi. Lakini tulilala kwenye mkeka mmoja, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi za nyumba ile.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, mtaa wa Dunda, imepakwa chokaa ndani na nje. Mume wa shangazi alifanya biashara ya sandarusi, ile gundi ya miti, na pembe za ndovu, na muda mwingi alikuwa bara. Hawakujaaliwa mtoto. Shangazi alikuwa na nyumba tu, na siku nzima alizunguka ndani yake akitafuta kosa.

Wakati wa masika kazi ilikuwa kupigana na kuvu. Ilitoka kwenye kuta, kwenye kamba za vitanda, hata ndani ya makasha ya nguo. Tulitoa nguo moja moja, tukazifukiza kwa udi, tukazikunja upya, na kesho yake tukarudia. Kusi likianza kuvuma lilileta mchanga. Ulifagia asubuhi, na adhuhuri ukaukuta mchanga umejipanga tena chini ya madirisha. Ndio pia wakati misafara ya bara ilipoteremka, barabara zikajaa wapagazi na vumbi lao jekundu. Vuli ilileta siafu na tope. Kaskazi ikishika, jua kali, tulitoa vitanda vyote uani tukavimwagia maji ya moto kuua kunguni, tukasugua masinia ya shaba kwa majivu na ukwaju mpaka vidole vikachubuka.

Shangazi alikuwa na kipande cha kitambaa cha bafta nyeupe. Kila alasiri alikipitisha juu ya milango, chini ya makasha, na kwenye vidaka vya ukutani alimopanga vikombe vyake vya kaure. Kikitoka cheupe, hakusema neno. Kikitoka cheusi, aliita.

"Wewe!"

"Abee, Shangazi."

"Lete uso."

Alinipaka ule uchafu mashavuni na kwenye paji la uso, akanikataza kunawa mpaka jua lizame. Wageni wakija, mimi ndiye niliyepeleka kahawa, na uso wangu vilevile. Wanawake walicheka. Mmoja tu, jirani yetu, aliuliza, "Kwani huyu si mtoto wa kaka yako?" Shangazi akajibu, "Ndiyo maana namfundisha. Asiye wangu ningempiga tu." Na kweli, mjakazi alipigwa.

Mwaka wangu wa pili pale, wakati wa kusi, misafara ilileta ndui. Tulisikia imeingia kambini kwa wapagazi, kisha mtaani, kisha nyumba ya tatu kutoka yetu. Shangazi alifunga madirisha ya upande wa barabara na kutuzidishia kazi. Tukapaka chokaa upya nguzo na milango yote, kana kwamba ugonjwa ungeona weupe ule ukageuka.

Siku mbili tatu baadaye mjakazi alishindwa kuinuka. Mwili wake uliwaka moto. Shangazi alisimama juu yake, ufagio mkononi.

"Uvivu huu umeanza lini?"

"Bibi, mgongo. Siwezi."

Alimpiga kwa mpini wa ufagio, na mjakazi akainuka, akafagia nusu ya ukumbi, akakaa chini. Kesho yake vipele vikatoka mdomoni na shingoni. Shangazi alipoviona alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kisha akaniagiza niwaite wachukuzi wawili waliokaa karibu na forodha, watu ambao makovu yao yalionyesha kwamba wamekwisha kuugua.

Walikuja na mkeka mkuukuu. Mjakazi alifahamu mara moja. Alijikokota mpaka kwenye nguzo ya mlango wa uani, akaikumbatia kwa mikono miwili.

"Bibi, nilaze bandani kwa kuni. Sitaingia ndani. Nikifa nitafia kule kule."

"Kuni ninapikia," alisema shangazi. Kisha akanigeukia. "Mbandue mikono hiyo. Wewe ndui imekwisha kupita, haikushiki tena. Upesi, chokaa ile bado mbichi."

Nilimbandua kidole kimoja kimoja. Vidole vilikuwa vya moto, na alinitazama muda wote niliokuwa nikifanya hivyo. Alipoachia, viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa chokaa, na nguzo ilikuwa na alama kumi. Wakamfunga mkekani wakamchukua. Shangazi akanipa ndoo. Nikasugua pale alipolala kwa maji ya moto na majivu, nikauchoma mkeka wetu, nikazipaka chokaa zile alama. Jioni akapitisha kitambaa chake, kikatoka cheupe.

Walikuwa wamemlaza nyuma ya minazi, upande wa Kaole, mahali walipotupwa wapagazi wasiokuwa na mtu. Nilipajua kwa kuuliza. Kesho yake nilipotumwa kisimani, nilichukua uji kwenye kifuu nikakimbia. Walikuwepo wengine pale, wengine wakinong'ona, wengine kimya, na harufu siwezi kuisimulia. Yeye nilimkuta chini ya kichaka, uso umevimba, jicho moja limefumba kabisa. Alikunywa uji, nusu ukamwagika kifuani.

"Nani anafagia sasa?" aliniuliza.

"Mimi."

"Na chini ya kasha kubwa?"

"Mimi vilevile."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Utakufa kabla yangu, bibi mdogo."

Nilikwenda tena kesho yake, na kesho kutwa. Siku iliyofuata mtu alimwambia shangazi. Nilipofika mlangoni nilimkuta ananingoja, lakini hakuwa na fimbo.

"Umetoka wapi?"

"Kisimani, Shangazi."

"Hebu inua miguu nione."

Nyayo zangu zilikuwa na mchanga mweusi wa kule vichakani. Hakunigusa. Alisema tu, "Anayependa watu wa nje na akae nje." Tangu siku hiyo nililala uani chini ya ukingo wa makuti ya jiko, na chakula changu nilimwagiwa kwenye jani la mgomba, kwa kuwa sahani zake sikuruhusiwa kuzigusa isipokuwa kuziosha. Mvua za vuli zilinikuta hapo hapo. Niliingia ndani kusafisha, nikamaliza, nikatoka. Maji nilichota mbele ya jirani aliyewekwa kunichunga.

Ilipita zaidi ya wiki mbili kabla sijapata upenyo wa kwenda tena kwenye minazi. Chini ya kile kichaka nilikuta majani yaliyolala tu. Watu walisema fisi. Nilirudi nalia, na shangazi aliponiuliza nikamwambia.

"Basi," alisema, "kumesafishika."

Mumewe aliporudi kutoka bara alizunguka vyumba vyote akisifu, nyumba inang'aa kama ya mfalme. Wakati wa kula ndipo aliuliza, "Yule Mzigua yuko wapi?" Shangazi akajibu kwamba alikufa, akamwongezea mchuzi. Baada ya mwezi akanunuliwa msichana mwingine, nami nikarudishwa kulala ndani, maana msichana yule alihitaji wa kumfundisha.

Vita na Wajerumani vilipoufikia mji, mume wa shangazi alikuwa Unguja. Mizinga ya manowari ilibomoa nyumba za jirani, na moto ukala upande mzima wa mtaa wetu. Tulikimbia na watu wengine kuelekea Kiwangwa, kaskazi imekausha kila kitu. Njiani shangazi alishikwa na tumbo la kuhara. Alichafuka, akaomba maji ya kujitawadha, akakosa, akawa anajifuta kwa mchanga huku analia. Alifariki siku ya tatu. Kisima tulichokifikia kilikuwa na tope, na lile tope lenyewe watu waligombania kulinywa. Maiti haikuoshwa. Wanawake walimtayamamisha kwa vumbi la pale pale, usoni na mikononi, tukamzika.

Mji ulipotulia nilirudi, nikaolewa na mvuvi wa Dunda. Siku moja nilikwenda kwenye mashamba ya mapadri wa Kizungu wa misheni kununua mihogo. Mwanamke aliyekuwa akiing'oa alikuwa na jicho moja na uso uliochimbika kote. Aliponiuliza nataka kiasi gani, nilimtambua kwa sauti. Mapadri walikuwa wamemwokota vichakani siku nilizokuwa nimezuiwa uani.

Yeye alinitazama kidogo, akaendelea kung'oa.

"Bibi hajambo?"

"Amefariki. Njiani, wakati wa vita."

"Aliugua nini?"

"Tumbo."

Akakung'uta udongo kwenye mhogo. "Alioshwa?"

"Hapakuwa na maji. Alitayamamishwa."

Aliweka mhogo chini, akakaa juu ya tuta, akacheka mpaka wenzake wakaacha kazi wakamtazama. Alicheka muda mrefu. Nilisubiri amalize ili niseme neno juu ya siku ile ya mlangoni, lakini alipomaliza aliinuka, akanijazia kikapu, akaniambia niende kumlipa padri pale bandani. Mimi hakuniuliza habari yoyote.