Senene Kwenye Chumba cha Ultrasaundi

Jamani, chekeni tu, maana hata mimi nikipita karibu na ile hospitali ya Bukoba najifunika kanga mpaka puani.

Mimi ni wa kusafishwa damu, figo ziligoma, na mashine inanipata kupitia mshipa walionitengenezea mkono wa kushoto. Sasa mkono huo ukaanza kuvimba, ukavimba hadi bangili ikabidi ikatwe, nikaambiwa njoo upigwe ultrasaundi tuone kama mshipa umeziba (na ukiziba sina mwingine, wa kulia ulishashindikana), basi nikatoka Muleba roho juujuu.

Nikafika mapema, nikapitia mtaa wa Miembeni, nikaona senene, wale panzi wetu watamu! Wazima, wanarukaruka ndani ya kiroba! Nanyi mnajua kwetu Wahaya mke humletea mume senene, mume naye humvika kitenge, na tangu niugue sijamletea mume wangu, baba Koku, hata mmoja. Nikasema leo ni leo. Nikawatia kwenye mkoba, nikafunga zipu (nilidhani nimefunga).

Chumbani daktari, dada mmoja mpole, akazima taa aone vizuri kioo chake, akanipaka ule ute wa baridi, akateleza na kifaa kuanzia kiwiko, kwapani, mpaka chini ya mtulinga. Akarudia pale pale mara mbili, uso karibu na kioo.

"Hapa naona kitu, mama. Usitikisike."

Moyo wangu pa! pa! pa! Na hapo hapo senene wa kwanza akatua katikati ya kioo.

Senene na mwanga mnawajua. Chumba giza, mwanga mmoja tu, wakatoka wote! Kwenye kioo, kwenye nywele za daktari, wengine wakanasa kwenye ute mkononi mwangu wakipiga mateke. Daktari akapiga yowe la Kihaya, "Mawe!", yaani mama yangu wee, akafungua mlango, kumbe ndiyo kawaruhusu, wakamwagika kwenye korido iliyojaa wagonjwa. Mzee mmoja kavua kofia anawafukuzia, mama mjamzito anawadaka kwa kanga, mlinzi anafoka, "Mwenye senene nani?", na mimi huyo mlangoni, blauzi nimeivaa mkono mmoja, ute unachuruzika, nalia kwa sauti:

"Senene chukueni, waitu, ndugu zangu! Mimi niambieni mkono wangu!"

Daktari, senene kamkaa sikioni, akanijibu mbele ya umma mzima: "Mama, haujaziba! Mshipa umekuwa mwembamba tu karibu na bega, tutakupeleka ukapanuliwe. Mkono unao!"

Vigelegele hivyo! Watu nisiowajua wakanikumbatia, nami nikacheza pale pale, machozi yananitoka, bega wazi, mpaka mlinzi akaniomba kwa heshima nimalizie kuvaa.

Nimekoma. Siku hizi nikienda kupimwa, kiumbe hai ninayemwingiza mle chumbani ni mimi peke yangu, na nikitoka bado niko hai, mimi sina neno tena.