Viatu vya Terry Kule Suwaidi

Kwa miezi kumi na minne Rispah aliuona mji wa Riyadh kupitia kioo cha gari tu, akiwa amebanwa kiti cha nyuma katikati ya watoto wa madam. Siku hiyo ya Agosti 2014 alitoka kwa miguu, peke yake, kwa mara ya kwanza. Madam alikuwa anakwenda kwa mamake. Alipomfungulia Rispah geti alimwinulia kidole: saa saba awe ndani, la sivyo halas, hatatoka tena.

Kwapani alikuwa na mfuko wenye viatu vyeusi vya shule. Vilikuwa vya bintiye Terry, aliyebaki Webuye kwa nyanya yake. Shule zingefunguliwa Jumatatu, na muhula uliopita mwalimu alikuwa amemrudisha Terry nyumbani mara mbili kwa kuvaa malapa. Jael, rafiki aliyekubali kumpelekea, angepanda ndege ya kurudi kwao jioni hiyo hiyo. Akimkosa, viatu vingekaa chini ya kitanda mpaka mguu wa mtoto uvikatae.

Rispah hakuwa amewahi kumwona huyo Jael uso kwa uso. Jael alifanya kazi nyumba ya nyuma, na miezi minane walizungumza wakianika nguo juu ya paa, ukuta mrefu ukiwatenga. Kisha Jael akapelekwa kwa binti wa bosi wake, ng'ambo ya barabara kubwa. Wakabaki kutumiana sauti kwa simu, zile dakika chache baada ya chakula cha jioni ambapo madam humrudishia Rispah simu yake.

"Mama Terry, wewe fuata barabara ya maduka ya Suwaidi," Jael alikuwa amemwambia. "Kuna duka limetundika mablanketi nje. Moja lina simba. Saa sita nitakuwa chini ya huyo simba, asinile."

Rispah alitembea akiangalia kila kitu, maana hakujua ni lini tena. Kuta ndefu rangi ya mchanga, mageti ya chuma, wala mtu mmoja hatembei. Maji ya mashine za baridi yalidondoka njiani na kukauka kabla hayajafika mbali. Paka walilala chini ya magari. Abaya, buibui la huko, ilimshika mgongoni kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Mji mkubwa hivyo, na hakukuta wa kumwambia hata habari ya asubuhi. Alisimama kidogo kwenye dirisha lenye magauni ya harusi, akajilaumu, akaongeza mwendo.

Alipofika barabara ya maduka, adhana ilianza. Kule ndani ya nyumba adhana ilimaanisha kumtandikia madam mswala na kupunguza moto wa jiko. Hakuwahi kufikiri kwamba huku nje kila kitu hufungwa. Wenye maduka waliingiza ndoo, vikapu, masanduku ya nyanya. Milango ya chuma ikashushwa mmoja baada ya mwingine. Mablanketi hayakuonekana popote. Mabango yalikuwa ya Kiarabu, na yeye hakujua kukisoma.

Walibaki wanawake watatu kivulini, wote wamejifunika nguo nyeusi toka kichwani mpaka miguuni, nyuso pia, kila mmoja mbali na mwenzake. Rispah alimsogelea wa kwanza.

"Jael?"

Mwanamke alivuta mkoba wake akasogea pembeni. Rispah aliona haya. Ikama yake, kile kibali cha kuishi, ilikuwa kwa kafili, mwajiri aliyemdhamini; mtu akipiga kelele angejieleza vipi? Akasimama kwenye nguzo, akaitazama saa mkononi. Sita na robo. Sita na dakika ishirini na tano. Kurudi kulihitaji nusu saa nzima. Sita na nusu akageuka kuondoka, akapiga hatua kama kumi, akasimama. Akarudi kwenye nguzo.

Ilipokaribia saa saba kasorobo milango ilipanda. Hatua ishirini kutoka aliposimama, mzee Myemeni alitoka na ngazi akatundika simba. Mmoja wa wale wanawake akaenda kusimama chini yake.

"Jael."

"Mama Terry? Ni wewe ndiye uliyekuwa kwenye nguzo? Mimi nikadhani ni Msudani."

"Nusu saa tunatazamana."

"Na ule mdomo wa kule juu ya paa uliuacha wapi?"

Walicheka kidogo, kwa woga. Jael akaangalia huku na huku, akainua kitambaa cha uso. Alikuwa mtu mzima kuliko sauti yake, na jino moja la mbele halipo.

"Basi ndiye mimi," akasema, akakishusha. "Lete viatu. Jumapili nitamvalisha mwenyewe. Yalla, nenda, utachelewa."

"Nimeshachelewa."

Jael alimshika mkono, akaubana sana, kisha akaupokea mfuko.

Saa saba na robo madam alikuwa amesimama getini.

"Halas, Rispah. Mafi, hakuna kutoka tena."

"Ndiyo, madam."

Aliomba msamaha mara moja tu. Akavua abaya, akaingia jikoni, akaloweka mchele.