Pikapu iliyopakwa rangi kabla ya injini

Jua la asubuhi limeshaanza kuchoma hapa Mvindeni, Ukunda, na kinachoonekana cha Subira Mbwana ni miguu tu. Mwili uliobaki uko chini ya pikapu kuukuu, ndani ya banda la mabati lililoegemea jiko la mamake.

"Baba, nipe ile nati ndogo," anaita.

Mzee Mbwana Nassir amekaa kwenye kibao kando ya gurudumu, sinia ya nati mapajani. Anazipapasa, anachagua moja, anainama na kuifuata sauti ya bintiye mpaka mikono yao ikutane. Mzee haoni.

"Shikamoo, mzee," mwandishi anamwamkia.

"Marahaba, mwanangu, karibu. Umeiona rangi?"

Si rahisi kutoiona. Pikapu hiyo, Pijo ya zamani, inang'aa kwa rangi ya samawati kama imetolewa dukani jana. Lakini fungua boneti, utashangaa. Nyaya zinaning'inia, breki hazijafungwa, na injini yenyewe imeingia juzi juzi tu.

Yeyote aliyewahi kukanyaga gereji anajua kwamba rangi hupakwa mwisho. Kwanza unachomelea, unafunga injini, unamwaga mafuta utakavyo, ndipo unapamba. Subira, mwenye umri wa miaka 34, analijua hilo kuliko wengi, kwa kuwa kunyoosha bodi na kupaka rangi ndiko kunakomlisha. Katika gereji anakofanya kibarua, siku njema humpa Sh1,500. Siku mbaya hurudi nyumbani na vumbi la msasa.

Kwa hivyo alipoanza na rangi, mafundi wenzake hawakumhurumia.

"Walisema ninampamba bibi harusi hata kuoga hajaoga," anasema, akitambaa kutoka chini ya gari na kujifuta mikono. "Nikawaacha wacheke. Sikutaka kumtangaza baba."

Kwa pikapu hiyo Mzee Mbwana alibeba madafu na mboga kutoka Msambweni hadi kwenye hoteli za Diani na Galu, akasomesha watoto, akajenga. Kisha hewa ya chumvi ikala bodi, injini ikafa, na gari likalala kando ya jiko zaidi ya miaka kumi, kuku wakitaga kwenye viti.

"Walikuja wanunuzi wa vyuma chakavu, akawafukuza," anasema mkewe, Bi Twaiba. "Nikamwambia, basi nenda ukalale humo na kuku wako."

Mwaka juzi, Subira alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukwangua kutu babake alipoambiwa ana presha ya macho. Daktari hakumficha: kinachopotea hakirudi, dawa itachelewesha tu.

Subira alipiga hesabu zake. Kwa kibarua chake, injini ingechukua zaidi ya mwaka. Macho yasingengoja.

"Nikafikiri, injini baba ataisikia hata akiwa haoni," anasema. "Lakini rangi? Rangi ilikuwa haina kesho."

Na mzee hakutaka samawati yoyote tu. Alitaka ile iliyokuja na gari. Alimwambia bintiye afungue kiti cha dereva, na chini yake, mahali jua halikufika, kilikuwepo kipande cha rangi ya asili kinachotosha kiganja. Feisal, muuza rangi wa Ukunda, alichanganya, akachanganya tena, mzee akikataa kila sampuli.

"Alinichosha, wallahi," anasema Feisal akicheka. "Lakini ile ya mwisho nilimpa bila faida. Ningemfanyia biashara vipi mtu kama yule?"

Siku rangi ilipokauka, Mzee Mbwana alibaki anaona katikati tu, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alilizunguka gari lote kipande kwa kipande, uso ukikaribia kugusa bati, kuanzia asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri.

"Alipomaliza akasema, 'Ndilo hili,'" Subira anasimulia. "Akaingia ndani akalia. Nami nikalia, nisikufiche."

Leo hata hilo tundu limezibika.

Tangu rangi ikauke, kila kazi imekuwa ya kunyata. Kuchomelea karibu na rangi mpya ni balaa, na injini ilishushwa kwa mnyororo huku bodi ikiwa imefungwa leso pande zote. Kwa kweli ni ukaidi, na ukaidi wa namna hii mtu hana budi kuuheshimu.

"Leso zangu zote sasa ni za gari," Bi Twaiba ananung'unika. "Nikialikwa arusi nitajifunga nini?"

Hata hivyo, mnyororo ulikwaruza mlango wa kushoto.

Zimebaki breki, nyaya na ukaguzi. Gari likipita, Subira atamketisha babake mbele na kulielekeza Msambweni, kisha kazi ya madafu irudi, na akiba yake imfungulie gereji yake mwenyewe.

Fundi mwingine, akishamaliza yote hayo, angelipaka gari upya. Subira anatikisa kichwa hata kabla swali halijaisha.

"Nitaziba pale palipokwaruzika, basi," anasema. "Nikilipaka upya, hata kwa rangi ile ile, litakuwa gari ambalo baba hajawahi kuliona."