Samaki Bila Chumvi wa Tantine Veronika

Kila nikipita sokoni nikakuta makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, wamelala mezani kama vipande vya mbao, nakumbuka siku moja ya ujana wangu na nageuza njia. Wauzaji wananijua. Wanadhani mimi ni mchoyo. Waache wadhani, mwanangu. Mzee mwenye aibu moja ya kweli hufurahi watu wakimpa nyingine ya bandia aifunikie ile.

Wewe, mtoto wa rafiki yangu, ndiye umenichokoza. Jumapili ulikuja hapa Kabondo, ukaegesha pikipiki yako kwenye maua ya mke wangu, ukanionyesha kwenye simu meli za watu wa mbali, zenye bwawa la kuogelea huko juu darini. Ukasema humo msafiri akichoka na chakula cha wote anaita mtu, anaagiza cha kwake peke yake. Kisha ukaniuliza ukicheka: papa, na wewe uliwahi kupanda meli, uliagiza nini? Nikajifanya sikusikia. Masikio ya uzeeni yana faida yake. Lakini masikio hayohayo yamesikia kwamba wiki ijayo unamteremsha mama yako kwa meli mpaka Kinshasa, kwa daktari. Donc, basi, jibu lako sina haki ya kulificha tena. Kaa chini. Hadithi yenyewe ni fupi, msimulizi ndiye mrefu.

Unanijua: safari yangu kubwa ni kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha barazani, na nikifika napumzika. Lakini nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari, diploma yangu bado inanuka karatasi mpya, familia ilinichagua nimsindikize Tantine Veronika, dada mdogo wa baba yangu, mpaka Bumba. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa kule. Na Tantine alikuwa mchezaji, mwanangu. Hapa mjini, harusi ambayo yeye hakuicheza watu walikuwa wanauliza kama kweli imefungwa. Ila mwaka ule damu yake ilikuwa imepanda, miguu ikawa inavimba, na daktari akamwambia neno moja tu: chumvi, hapana. Akiishika amri hiyo, atasimama na kucheza harusi ya mwanawe. Akiivunja, miguu itajaa.

Kwa hiyo sikupewa kazi ya kubeba masanduku. Kazi yangu ilikuwa chakula. Katika meli ile sisi wa vyumba vya juu tulipewa kitu kilekile mchana na jioni: wali, maharage, makayabu. Asiyeweza kula hayo alipeleka kitu chake kwa mpishi. Mpishi mwenyewe aliitwa Papa Ramazani, mtu wa Kisangani hapahapa, wa zile familia za Kiislamu za tangu zamani. Kofia yake nyeupe haikumtoka kichwani hata katikati ya moshi. Pembeni ya majiko makubwa alikuwa na mbabula moja ndogo ya makaa, na mbabula ile ilikuwa na sheria yake. Chungu kimoja kwa siku. Mgonjwa kwanza, mama aliyejifungua wa pili, na wakubwa wenye matumbo ya kuchagua watasubiri. Sahani ya mgonjwa aliifunga mfuniko wake kwa kamba ya mgomba, ili wasaidizi wasije wakaitia chumvi kwa kusahau.

Na samaki wa kupika atatoka wapi? Mama yangu alinifungia pakiti sita za chumvi. Usicheke bado. Watu wa vijiji vya mtoni walikuwa wanapiga kasia mpaka ubavuni mwa meli, mitumbwi imejaa samaki na ndizi, na walichotaka kwetu ni chumvi na sabuni. Basi mimi nilibeba chumvi ili mtu aliyekatazwa chumvi apate kula. Mungu alikuwa ameshanicheka kabla sijapanda.

Siku ya kwanza nilifanya kama nilivyotumwa. Tulipokuwa tunapita Yanonge mtumbwi mmoja ulijifunga kwetu, nikatoa pakiti, nikapata samaki wa ndevu, mnene, bado anapiga mkia. Papa Ramazani akauliza ni wa nani. Nikasema ni wa mgonjwa, na ilikuwa kweli. Saa sita akanipa sahani imefunikwa na kamba imefungwa, akaniambia nipeleke mbio ingali na moto.

Kati ya jiko na chumba cha Tantine palikuwa na hatua thelathini hivi, na katikati ya hatua hizo palikuwa na chumba cha kulia. Nikapita humo nimevaa koti la shemeji yangu, kubwa kwangu mabegani, maana nilifikiri msafiri ni koti. Mezani alikaa Kasereka, mfanyabiashara wa vitenge wa Butembo, Mkatoliki mwenye kusali kabla hajagusa kijiko na kutania watu baada ya kukishika. Usiku wa kuamkia siku ile, meli ikiwa bado bandarini, alikuwa ameniuliza kazi yangu, nami, ambaye ofisi nilizijua kwa kupita nje, nilimjibu kwamba niko kwenye mambo ya ofisi. Tangu hapo akaniita Directeur, yaani mkurugenzi. Sikumkataza.

Akaona sahani. Akaweka chini kijiko chake.

"Ah, Directeur," akasema, "kumbe unapikiwa ya kwako. Na kamba juu kama zawadi ya mukubwa. Sisi huku tunatafuna mbao."

Meza nzima ikageuka. Mwanangu, nilikuwa na maneno matano tu ya kusema: hii ni ya tantine yangu. Matano. Diploma yangu ilikuwa imeandikwa maneno mengi kuliko hayo. Badala yake nikavuta kiti, nikakaa, nikafungua kamba.

Tonge la kwanza likanifundisha. Papa Ramazani alikuwa amepika kwa uaminifu, hata punje moja ya chumvi hakutia. Samaki yule alikuwa na ladha ya mvuke. Nami nikawa natikisa kichwa polepole, macho nimeyafumba nusu, kama mtu anayeonja pepo. Kasereka akauliza, alors, iko namna gani? Nikajibu kwamba ni ya kipekee. Hilo, angalau, halikuwa uongo.

Uongo niliupeleka chumbani. Nilimwambia Tantine kwamba mbabula ya mpishi imeharibika, labda kesho. Akasema haizuru. Akaivuta sahani ya wote, akachukua makayabu, akaanza kuyaosha kwa maji ya kikombe, mara mbili, mara tatu, anayakamua kama shati. Kisha akala, maana alikuwa na njaa. Nilikaa pale mlangoni nikimtazama, tumbo limejaa samaki wake.

Utauliza kwa nini kesho yake sikujirekebisha. Kesho yake nilitoka jikoni na sahani, nimeapa kabisa, na Kasereka akaita kutoka mbali, Directeur, nimekulindia kiti. Alikuwa ameshawaambia na wageni waliopandia njiani. Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli kwa anayekwenda kwa miguu. Kwa maji inaweza kufika siku nne. Siku tatu nilikula chakula cha ugonjwa kwa fahari, nikiwa mzima kama mbuzi. Chumvi za mama yangu zikawa zinashuka moja moja kwenye mitumbwi, samaki wanapanda, na Tantine anaosha makayabu yake. Siku ya tatu hakuvaa viatu. Akasema ni joto.

Siku ya nne tulikuwa tunakaribia Bumba. Papa Ramazani alikuwa na desturi nisiyoijua: sahani ya mwisho ya mgonjwa huipeleka mwenyewe, ili aagane naye na kuombewa. Nilifika jikoni nikaambiwa ameshatoka. Nikakimbia na lile koti. Nilimkuta amesimama mlangoni kwa Tantine, sahani mkononi, na mbele ya Tantine pale sakafuni kikombe cha maji na kipande cha makayabu. Na miguu yake, mwanangu. Ilikuwa imejaa kama mito ya kulalia, vifundo havionekani.

Papa Ramazani alitazama miguu, akatazama kikombe. Akauliza kwa upole, "Mama, ile samaki yangu ya siku zote ilikuwa namna gani?"

Tantine aliitazama kamba ya mgomba kwenye mfuniko. Kisha akanitazama mimi, kuanzia viatu mpaka mabega ya koti lisilo langu. Nikaona anajumlisha: mbabula iliyoharibika, tumbo langu, siku tatu. Nilingoja anivue nguo mbele ya mtu.

"Ilikuwa muzuri, papa," akasema. "Mungu abariki mikono yako."

Mpishi akaweka sahani, akapokea baraka, akanipitia mlangoni na kunishika mkono wa koti mpaka tukafika penye ngazi. Hakupandisha sauti.

"Nimepika siku ine bila chumvi," akaniambia. "Lakini miguu ya mama iko inasema amekula chumvi siku ine. Mimi sikuulizi samaki ilikula nani. Nakuambia kitu moja: mbabula yangu niliiwasha juu yako, mutoto, sababu ulisema 'mugonjwa.' Mama mwenye mutoto muchanga alikuja siku ya pili, nikamurudisha."

Huyo mama mwingine sikuwa hata na habari zake. Wazee wa Kiswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bon, mimi sikusikia, na guu lililoumia likawa la mtu mwingine.

Harusi ilikuwa ya kupendeza, nimeambiwa, maana mimi niliiona kwa jicho moja. Jingine lilikuwa kwenye kiti. Walimwekea Tantine kiti mbele, miguu juu ya mkeka uliokunjwa. Ngoma ilipoita mama wa bibi harusi, watu wakamgeukia, wakangoja. Binti yake akamjia akicheza, mikono imenyooshwa. Tantine akajaribu. Akashika mikono ya kiti, akainuka kiasi cha kiganja, akarudi. Akawaambia watu kwamba meli imemchosha. Ni meli, akasema tena kwa wakwe, meli zile ni mbaya. Binti akacheza peke yake mbele ya mama yake, analia na kucheka, na mimi nikawa natafuta mahali pa kujificha ndani ya koti lile, ambalo kwa mara ya kwanza niliona ni dogo.

Baadaye akaniita kwa kidole. Nikachuchumaa.

"Uniambie kweli," akasema sikioni. "Wakati ulikuwa unakula, ilikuwa tamu?"

"Haikuwa na chumvi, Tantine."

Alinitazama. Kisha akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, mpaka kiti kikalia, mpaka akanishika kichwa asianguke. Hiyo ndiyo ngoma pekee aliyocheza siku ile.

Alipona, akaishi miaka mingine mingi, na miaka yote hiyo kila nilipomtembelea alikuwa anatokea na sahani mbili za lituma, zile ndizi za kupondwa, akiniuliza mbele ya watu: yako leo ni ya mugonjwa au ya Directeur? Watu walicheka bila kujua. Hakuwaambia kamwe, akafa nayo. Lakini binti mwingine hakuwa naye, na harusi ile haikurudi.

Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mwaka jana daktari alinikalisha, akanipima, akaniambia neno moja: chumvi, hapana. Mke wangu akaniuliza mbona nacheka.

Sasa sikia, mwanangu, maana uko karibu kuwasha pikipiki. Kuagiza chakula cha pekee si dhambi. Agiza, usione haya. Chungu cha wote hakijui nani ana maradhi gani. Ila ukipanda meli, kabla hujauliza kinapikwa nini, uliza nani hawezi kukila. Mama yako hatasema. Ataosha makayabu kwa kikombe na kukuambia haizuru. Nenda wewe jikoni, umjue mpishi kwa jina lake, mwambie ukweli wote kuhusu mgonjwa wako, na kumbuka kwamba moto ukiwashwa kwa ajili yako, mtu mwingine nyuma yako amerudishwa. Na ukishapewa sahani ya mtu, usikae nayo njiani. Ikiwa njia ya pekee inapita mbele ya watu wenye kukusifu, sema kwa sauti kabla hawajauliza: hii ni ya mama yangu. Ni maneno matano. Yafanyie mazoezi hapa, yana uzito kuliko unavyodhani. Na kama jina la ukubwa watakupa bure, likatae siku ya kwanza, maana siku ya pili litadai kulishwa.

Chini ya kiti hiki kuna mfuko wa buluu. Nimekuwekea pakiti sita za chumvi, kwa watu wa mitumbwi. Hapa nyumbani hazina kazi tena.

Nenda, na mto ukupokee vizuri. Mkono wako ufike unakotumwa. Mama yako ashuke bandarini kwa miguu yake miwili, arudi kwa hiyohiyo, na siku atakapocheza uniite. Nitakuja, hata kama ni mbali kuliko baraza.