Wanaume Wote wa Verediana

Verediana ana wanaume wengi, na wote wanafanana. Usinielewe vibaya, nazungumzia wale wa kwenye daftari.

Mama huyu ni mkulima wa mahindi na maharage, anaishi kitongoji kimoja cha wilaya ya Hanang, ukikipita kijiji cha Masakta kwa miguu. Ana miaka hamsini na mbili. Tangu mtoto wake wa mwisho, Brightness, amalize shule na kuacha madaftari yenye kurasa tupu, yeye anachora vitabu vya katuni. Na hachori sungura na fisi. Anachora mabinti wanaoozeshwa kabla ya kumaliza shule, zahanati isiyo na dawa, wagombea wanaogawa khanga halafu wanapotea miaka mitano. Kila kitabu ni nakala moja tu. Kinapita nyumba kwa nyumba mpaka kinarudi kinanuka moshi, kina madoa ya maziwa, na watu wamecheka mpaka basi. Kukipiga picha kwa simu hakusaidii, penseli haionekani.

Kitabu cha mwaka huu kilimchukua miezi minane. Kinamhusu Bwana Kiu, mheshimiwa aliyefukia mpira wa maji chini ya ardhi kutoka kwenye tangi la kitongoji ili ng'ombe wake wanywe nyumbani, huku akina mama wamepanga madumu tangu alfajiri wakisubiri matone. Verediana mwenyewe alikuwa kwenye foleni hiyohiyo. Alichora kwa hasira, jamani, mpaka karatasi nyingine zikatoboka.

Wiki ya pili tu kitabu kikakamatwa. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Gervasi, akamwita ofisini. Alipofika alimkuta mwenyekiti amelishika daftari, na kwenye benchi wamekaa Xavery na Modest, wafugaji wakubwa wa pale, wamenuna kama watoto walionyimwa uji.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mama Brightness, umechora watu wazima bila heshima. Utueleze leo huyu Bwana Kiu ni nani, kisha uombe radhi. Usipoeleza, daftari hili mke wangu anawashia moto, na kuchora ndiyo basi."

Verediana akalitazama daftari lake. Miezi minane! Na atamtaja nani, wakati hakumfikiria mtu yeyote? Alijua maji hayafiki bombani, lakini hakujua yanaishia kwa nani.

"Aeleze nini tena?" Xavery akadakia. "Ni mimi. Hiyo pua ni yangu."

"Pua yako wapi!" Modest akaja juu. "Hayo ni masikio yangu. Kanichora mimi, watoto wangu wanakisoma!"

"Hebu nyamazeni," mwenyekiti akasema. "Ukurasa wa sita amekaa ameegemea upande mmoja. Nani mwingine hapa anakaa hivyo kama siyo mimi?"

Verediana akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaenda mlangoni akaita, "Baba Brightness, hebu njoo!"

Tadeo, mumewe, alikuwa amekaa nje kwenye jiwe akimsubiri. Akaingia, akavua kofia, akasalimia wakubwa. Verediana akalichukua daftari, akafungua ukurasa wa sita, akaliweka sambamba na uso wa mumewe. Pua ileile. Masikio yaleyale. Hata kule kuegemea upande ni kwake, kiuno kinamsumbua siku nyingi.

"Mimi sijui kuchora mwanaume mwingine," Verediana akasema. "Huyu ndiye pekee anayekubali kukaa bila kutikisika. Kwenye vitabu vyangu ndiye mgombea, ndiye daktari, ndiye Bwana Kiu. Na sisi tuna ng'ombe wawili tu, wanakunywa korongoni. Sasa ninyi wazee wangu, mmejionaje humo?"

Xavery akatazama viatu vyake. Modest akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Mwenyekiti akakohoa, akasema mama anaweza kwenda na daftari lake.

Asubuhi iliyofuata majembe yalikuwa yanafukua ardhi kwenye maboma matatu, wenyewe wakidai wanatafuta mchwa. Mchana bomba lilifunguliwa, dumu likajaa kabla watu hawajamaliza kusalimiana. Akina mama walipiga vigelegele. Verediana alilia mbele ya wote, na wala hakuona haya.

Jioni Tadeo akamjia. "Mama Brightness, miaka yote hii mimi ndiye mbaya. Kitabu kijacho nifanye mtu mwema basi."

"Mimi nachora ninachokiona," Verediana akajibu, akamsogezea dumu tupu.

Tadeo akalibeba, akaenda kupanga foleni, mwanaume peke yake kati ya wanawake kumi na saba, nao wakimtania bila huruma. Verediana akachonga penseli, akamfuata.