Pua za Darasa la Sita

Semina ilikuwa ya siku tatu, hapahapa Uvira. Mama aliyetufundisha alisema watafiti wameona kwamba mtoto anashika somo akiulizwa daftari likiwa limefungwa, akatafuta jibu mwenyewe kichwani. Kisha akaongeza, "Ila akikosa, musimwazibu. Mwenye woga hatafuti kitu." Wakati huo wali ulikuwa unaletwa. Niliweka kalamu chini. Sikio la kufa!

Semina ilipoisha, kesho yake nikaanza. Daftari zifungwe! Swali! Na desturi yetu ya tangu utoto nikaiacha kama ilivyo: anayejibu anamvuta pua aliyeshindwa, darasa linapiga makofi. Minye mwenyewe nilivutwa, na mwalimu nikawa. Ubaya uko wapi?

Darasa likachangamka, mkurugenzi wa shule akanisifu mbele ya wenzangu. Nikavimba kichwa.

Kulikuwa na dada wawili waliokimbia vita kutoka Bwegera. Mkubwa alikuwa amepoteza miaka miwili ya masomo, kwa hiyo aliketi benchi moja na mdogo wake. Alitaka kushinda mtihani wa darasa la sita, basi, ili siku moja awe muuguzi. Mdogo alikuwa moto. Kila asubuhi mdogo alimvuta pua mkubwa wake, na minye nilipaza sauti, "Vuta vizuri! Hapa hakuna dada!" Ee Mungu, na nilicheka.

Baadaye mdogo akaanza kunyamaza kila nikimuuliza swali lililomshinda dada yake. Nilijua anajua. Nikaona ananidharau, nikazivuta pua zote mbili kwa mkono wangu mwenyewe, mpaka ya mkubwa ikatoa damu juu ya daftari. Hakulia. Alipangusa kwa kiganja, akakaa. Siku ya mtihani benchi lilikuwa na mdogo peke yake.

Mwezi uliopita nilimkuta yule mkubwa sokoni, anauza ndagala wa ziwani. Nikataka kumtania, mjinga minye.

"Haya, nchi zinazozunguka ziwa Tanganyika?"

"Kongo, Burundi, Tanzania, Zambia, Mwalimu."

Hakusita hata kidogo. Yule mama wa semina alisema kweli, somo lilikuwa limeshika.

"Kumbe ulijua! Sasa darasani ulikuwa unanyamazia nini?"

Nilipomtazama vizuri, niliona alikuwa amefunika pua kwa mikono yote miwili, na magamba ya ndagala yamemganda vidoleni.