Picha ya Baba Yangu Ukutani kwa Mchumba Wangu

Admin, nifichie jina, huku Mbinga tunajuana mno. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, mpiga picha wa harusi na kipaimara.

Baba sikumjua. Nilichokuwa nacho ni picha moja: mwanaume wa shati jeupe, amekaa kwenye mwamba ufukweni, amenipakata nikiwa mchanga. Mama, mkulima wa kahawa Namswea, aliniambia ndiye baba, alikufa maji. Shuleni wenzangu wakinicheka sina baba, naitoa kwenye begi nawaonyesha. Ndiyo iliyonifanya nishike kamera. Nilitaka kila mtu awe na cha kuonyesha kwamba naye ana kwao.

Sasa nimechumbiwa na kijana wa Kihagara, kule ziwani. Posa imepokelewa, ndoa inatangazwa kanisani. Majuzi akanipeleka kwao nimsalimie mama yake. Nikatoa shikamoo, nikakaribishwa ndani, nikainua macho ukutani. Shati lilelile, mwamba uleule, baba yangu. Ila mtoto aliyempakata hakuwa mimi.

"Huyo ni marehemu baba mkwe wako," mama yake akasema akicheka. "Na hako katoto ndiyo huyu bwana wako."

Ugali na samaki mbasa vilinishinda kumeza, nikasingizia tumbo. Kazi hii ya picha naijua, ile yangu ni ya kuunganishwa. Yule mtoto alikatwa, nikabandikwa mimi palepale, picha ikapigwa upya.

Niliporudi nikamwambia mama nimeiona picha ya yule baba mahali pengine. Hakuuliza wapi. Alikaa chini kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, yule simjui. Baba yako aliikana mimba. Fundi picha alinitafutia mtu tu, usije ukakua unajiona wa kuokotwa."

"Mama, niapie."

Akashika rozari, akaapa. Lakini ni huyuhuyu aliyeniambia miaka yote kwamba ndiye baba, na usichana wake aliumalizia kuchuuza dagaa wa usipa hukohuko ziwani. Najiuliza, kama alimjua, angepokea posa? Halafu najijibu, pengine hakujua kijana ni mtoto wa nani. Huyo fundi alishafariki.

Naogopa jamani. Kupima DNA ni lazima nimwambie mchumba, na ikiwa ni ujanja wa fundi tu, nitakuwa nimemchafua baba yake kaburini na mama yangu akiwa hai. Nikinyamaza, huenda naolewa na kaka yangu.

Jana kamati ya harusi waliiweka picha yetu ya uchumba kwenye grupu. Wakaandika mmoja baada ya mwingine: jamani mnavyofanana. Mchumba wangu akajibu kwa moyo mwekundu, mimi nikazima simu.

Jumapili hii padri anasoma tangazo la mwisho na kuuliza kama kuna mwenye kizuizi cha ndoa yetu asimame aseme. Nitakuwa nimekaa pembeni ya mchumba wangu. Ndugu zangu, nisimame au nisisimame?